Kufufua Gongoni kwa Msamaha wa Kodi: Nani Anasamehe, Nani Analipa?

Kila mji wetu wa zamani una mtaa ambao wazee wakiuonyesha husema, "Hapa ndipo mjini palipokuwa." Leo ukipita hapo unakuta fremu zimefungwa kufuli, mabati yameshika kutu, na duka moja moja linalouza vocha, soda na mkaa. Biashara imehama. Na mjadala wa kuirudisha haukosi mtu wa kusema: "Halmashauri iwasamehe kodi tu hao wafanyabiashara, uone kama hawatarudi."

Kwa masikio ni hoja tamu, na ndiyo maana inarudi kila kipindi cha uchaguzi wa madiwani. Lakini ukiifungua ndani, unakuta maswali matatu ambayo kwa kawaida hayaulizwi. Kodi inayosamehewa ni ya nani? Akisamehewa mwenye duka, faida inaishia mfukoni mwa nani? Na pengo linalobaki linazibwa na nani? Tukiyajibu hayo, tutajua kama ni dawa au ni maneno ya jukwaani.

Tuchukue mfano wa Gongoni, kata ya Manispaa ya Tabora, mji uliokua kwa biashara ya misafara. Tuseme baraza la madiwani limekaa na kuamua kwamba linataka maduka yarudi mitaa ya zamani ya Gongoni. Lina nini mkononi?

Wazo lilikotoka

Serikali za mitaa kutumia kodi kama chambo si jambo geni duniani. Mfano unaotajwa sana ni wa London. Mwaka 1980 gati za West India, upande wa mashariki wa jiji, zilifungwa kwa sababu meli za makontena hazikuwa zinaingia tena huko. Serikali ya Uingereza ikatangaza maeneo maalumu ya biashara, na mwaka 1982 eneo la Isle of Dogs likawa mojawapo. Aliyejenga hapo hakulipa kodi ya majengo ya halmashauri kwa miaka kumi, na gharama za ujenzi aliruhusiwa kuzitoa kwenye hesabu ya kodi ya mapato. Leo hapo pana maghorofa ya Canary Wharf.

Watu wengi huishia kwenye maghorofa. Ila kuna jambo dogo ambalo ndilo lililobeba mpango wote: mapato ya kodi ya majengo ambayo halmashauri ziliyakosa yalifidiwa na hazina ya serikali kuu. Halmashauri ilisamehe, serikali kuu ikalipa.

Njia ya pili ni ya Marekani, na Chicago inaitumia tangu 1984. Jiji linachora mpaka kuzunguka mtaa uliochakaa, linaandika kodi ya majengo inayokusanywa pale kwa wakati huo, kisha linaigandisha kwenye hesabu kwa miaka 23. Mtaa ukipanda thamani, kodi inapanda pia, lakini ile nyongeza haiendi kwenye mfuko wa kawaida. Inabaki mtaani kujenga barabara, taa na mifereji, au kumsaidia mwekezaji. Kwa maneno mengine, mtaa unakopa kutoka kwenye kodi yake ya kesho.

Njia zote mbili zinasimama juu ya nguzo moja: halmashauri inamiliki kodi ya majengo, na kodi hiyo inafuata thamani ya jengo. Shika hilo, tutalirudia.

Tabora ilishawahi kuyaona haya

Kabla ya kurudi kwenye sheria za leo, historia ya Tabora yenyewe ina somo, na bahati nzuri tuliosoma Historia sekondari tulipita karibu nalo bila kuliangalia kwa jicho la kodi.

Katikati ya karne ya 19, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo mzigo ulifika Kaze, karibu na ilipo Tabora ya leo, kisha njia zikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mtemi Fundikira aliwakaribisha wafanyabiashara wa pwani, wakajenga matembe yao na kukaa bila kutozwa ushuru kwa bidhaa zao. Kwa lugha ya leo tungesema alitoa motisha ya kodi, na kituo kikakua.

Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, aliyemrithi, Mnywa Sele, aliona biashara imeshamiri na utemi haupati kitu. Akaanzisha ushuru kwa bidhaa za wafanyabiashara hao. Nao hawakukubali. Walimpiga vita, wakamwondoa, wakamsimika Mkasiwa. Mnywa Sele akapigana miaka kadhaa porini hadi alipouawa mwaka 1865, na katika miaka hiyo njia ya misafara ikavurugika.

Sisemi kwamba wenye fremu wa Gongoni watachukua silaha. Ninachosema ni kwamba msamaha usio na tarehe ya mwisho hugeuka haki. Aliyezoea kutolipa, siku ukimdai anaona unamwonea.

Somo la pili lilikuja miaka michache baadaye. Mwaka 1871 Mirambo alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe na kuifunga njia ya Ujiji, Stanley alilazimika kuzunguka upande wa kusini ili afike kwa Livingstone. Njia ikifungwa, mzigo unapita kwingine. Halafu mwaka 1912 reli kutoka Dar es Salaam ikafika Tabora, mwaka 1914 ikafika Kigoma, na mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika. Wapagazi waliokuwa wakibeba mizigo kwa mabega walibaki bila kazi hiyo, na biashara ikasogea kufuata stesheni. Baadaye malori na mabasi nayo yakaivuta kufuata barabara na stendi.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini mtaa fulani wa zamani umepoa, jibu la kwanza mara nyingi si kodi. Ni kwamba watu hawapiti tena hapo.

Kodi ni ya nani?

Sasa turudi kwa madiwani wetu. Katiba yetu, ibara ya 138, inasema kodi haitozwi isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo za ushuru na ada chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, lakini sheria ndogo hizo zinahitaji idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Mkurugenzi hawezi kuamka asubuhi akatangaza msamaha kwenye redio.

Tuzipitie kodi za mwenye duka mmoja mmoja.

Kodi ya mapato na VAT ni za TRA. Halmashauri haiwezi kusamehe hata senti.

Kodi ya majengo, ile nguzo ya London na Chicago, ilikuwa ya halmashauri. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulipelekwa TRA, na baada ya kuhamahama, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na kwa ghorofa mjini shilingi 5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 viwango vikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, ni kiwango kimoja: nyumba inayotaka kuanguka na nyumba mpya ya vioo, zikiwa zote za chini, zinalipa sawa. Kwa hiyo ile nyongeza ya thamani ambayo Chicago inaivuna, kwetu haionekani kwenye kodi. Ukarabati Gongoni yote, kodi itabaki pale pale. Pili, anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na mara nyingi huyo ni mpangaji, si mwenye jengo.

Kodi ya ardhi inakwenda Wizara ya Ardhi. Ada za leseni ya biashara zinakusanywa na halmashauri, lakini viwango vimewekwa na sheria ya nchi. Barabara za mjini ziko chini ya TARURA tangu 2017, na ushuru wa maegesho unakusanywa na hao hao.

Kinachobaki ni nini? Ushuru wa huduma, kodi ya vizimba na vibanda vya masoko ya halmashauri, ada ya vibali vya ujenzi, ushuru wa stendi, taka na machinjio. Kwa halmashauri za mkoa wa tumbaku kama Tabora, ongeza ushuru wa mazao, ambao tangu 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Huo ndio mfuko ambao diwani anauongelea anaposema "tutasamehe".

Hata pale sheria ya nchi inapotoa msamaha wa ushuru wa mitaa, uamuzi hautoki kwenye baraza la madiwani. Viwanda vilivyosajiliwa katika maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, chini ya sheria ya mwaka 2002, vilipewa miaka kumi bila kulipa kodi na ushuru wa halmashauri kwa bidhaa zinazozalishwa humo. Huo ni msamaha ulioamuliwa Bungeni kwa ajili ya kiwanda kikubwa, na halmashauri ndiyo inayokosa ushuru. Fundi cherehani wa Gongoni hayumo.

Hesabu ya duka moja

Tufanye hesabu kidogo, hata wewe unayechukia hesabu. Ushuru wa huduma kwa miaka mingi umejulikana kwa kikomo cha asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kutoa VAT na ushuru wa bidhaa. Tuseme dada mmoja ana duka la vifaa vya shule, anauza milioni 40 kwa mwaka. Asilimia 0.3 ya milioni 40 ni shilingi 120,000 kwa mwaka, sawa na 10,000 kwa mwezi.

Tuseme fremu yake analipia shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye fremu anataka miezi sita mbele, yaani 900,000 kabla hajapanga hata daftari moja kwenye rafu. Sasa halmashauri inamwambia: "Njoo Gongoni, tunakusamehe ushuru wa huduma." Msamaha wa mwaka mzima haufiki kodi ya fremu ya mwezi mmoja. Kama wateja hawapiti hapo, atahamia kwa sababu gani?

Kosa si la madiwani kukosa huruma. Mfuko wao ni mdogo mno kuweza kumhamisha mtu. Kwa mwenye duka, gharama kubwa ni pango, mtaji, usafirishaji na usumbufu. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024 mgomo ukasambaa hadi miji mingine, malalamiko yao hayakuwa ya viwango peke yake. Walilalamikia pia namna wanavyokaguliwa na kudaiwa. Mfanyabiashara anaweza kupanga maisha na kodi anayoijua. Kinachomfukuza ni kutojua kesho atadaiwa nini, na nani.

Faida inaishia wapi?

Haya, tuseme msamaha ni mkubwa na maduka yanarudi kweli. Swali la pili: nani anafaidika?

Sisi tunaopanga mageto nje ya chuo jibu tunalijua kwa uzoefu. Wanafunzi wakiongezeka na boom likiingia, kodi ya chumba inapanda. Chumba hakijaongezwa dirisha wala choo, ila mwenye nyumba amejua una kitu mfukoni. Na fremu ni hivyo hivyo. Ukimpunguzia mpangaji 10,000 ya ushuru, mwenye fremu akasikia kuwa mtaa wake sasa hautozwi, mkataba mpya utakuja na 160,000. Msamaha aliopewa dada wa madaftari umeingia kwa mwenye jengo, ambaye hajaziba hata ufa. Waliochunguza maeneo maalumu ya Uingereza waliliona jambo hilo hilo: sehemu ya msamaha iliishia kwenye pango la juu, na sehemu ya biashara zilizohamia hazikuwa mpya, zilitoka mitaa ya jirani.

Hilo la majirani nalo lina uzito kwa mji wa ukubwa wa Tabora. Wateja ni wale wale. Duka likitoka Kanyenye kuja Gongoni, takwimu za Gongoni zitapendeza, lakini mji haujapata duka jipya. Umehamisha kufuli kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine.

Mji Mkongwe wa Zanzibar unatupa mfano wa karibu zaidi. Kufikia miaka ya 1980 nyumba nyingi zilikuwa zinaporomoka. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji, mwaka uliofuata ikaja sheria ya kulinda wawekezaji, na nyumba za serikali zikatolewa kwa watu kwa masharti ya kuzikarabati. Majengo mengi yaliokoka, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji kwenye urithi wa dunia. Lakini nyumba nyingi zikawa hoteli na maduka ya watalii, na kwa mwenyeji wa kipato cha chini kukaa humo kukawa kugumu. Uzuri wa mpango ule ulikuwa sharti: ukitaka nyumba, ikarabati. Udhaifu wake ni kwamba sharti lilihusu kuta, halikuhusu watu waliokuwa ndani.

Pengo linatoka kwenye mfuko wako

Swali la tatu ndilo linalotugusa sisi moja kwa moja. Ushuru usiokusanywa Gongoni unapunguza mapato ya ndani ya halmashauri. Na mapato ya ndani ndiyo yanayotoa ile mikopo ya asilimia 10: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, na wengi wetu tukimaliza chuo bila ajira tutapanga foleni kuiomba.

Sasa piga hesabu. Halmashauri ikisamehe shilingi milioni 100, milioni 10 zinatoka kwenye mikopo, na kati ya hizo milioni 4 zilikuwa za vijana. Zinazobaki zilikuwa zichangie madawati, vyoo vya shule na umaliziaji wa madarasa. Sisi wa ualimu tutaingia madarasani humo. Msamaha wa kodi ni matumizi ya fedha kama matumizi mengine, tofauti ni kwamba hauonekani kwenye bajeti. Darasa likijengwa, linasomwa kwenye kikao na mkaguzi anakuja kulihesabu. Ushuru ukisamehewa, hakuna anayekwenda kuuhesabu.

Na London walikuwa na hazina ya kuwafidia. Nani atamfidia Tabora?

Basi halmashauri ifanye nini?

Sijasema ikae tu. Nimesema isianze na kitu ambacho haina. Inavyo vingine.

Kwanza, inapanga mji. Stendi, masoko na magulio vinakaa wapi, hayo yanapita kwenye mipango ya halmashauri. Kama biashara hufuata njia, basi kuwaleta watu ni motisha kubwa kuliko kumsamehe dada wa madaftari 10,000. Siku mbili za gulio kwa wiki mtaani, taa za usiku, choo safi cha umma na maji, vitampa wateja. Na reli ya kisasa inayojengwa kupitia Tabora itahamisha tena njia ya watu, kama ile ya 1912. Wakati wa kuuliza abiria na mizigo vitashukia wapi, na vitafikaje mitaa ya zamani, ni sasa, kabla njia haijazoeleka.

Pili, halmashauri ni mwenye nyumba. Vizimba na vibanda ni mali yake. Pale ndipo unafuu unapoweza kwenda kwa mfanyabiashara bila kupitia mfukoni mwa mtu wa kati: pango nafuu kwa miaka miwili kwa anayeanza, mkataba kwa jina la anayefanya biashara mwenyewe, na marufuku ya kupangisha tena kwa bei ya juu.

Tatu, kama lazima isamehe, imsamehe anayekarabati, si anayemiliki tu. Ada ya kibali cha ujenzi irudishwe jengo likikamilika. Rwanda wamekwenda upande wa pili kabisa: sheria yao ya mwaka 2018 iliongeza kodi kwa asilimia 100 kwa kiwanja kisichoendelezwa. Halmashauri yetu haina nguvu hiyo, lakini fundisho liko wazi. Anayeacha fremu ioze akisubiri bei ipande hastahili kupewa zawadi sawa na anayepaka chokaa na kuweka mlango mpya.

Nne, kila msamaha uwe na tarehe ya kuisha, orodha ya walioupata ibandikwe ofisi ya kata, na kiasi kilichosamehewa kisomwe kwenye baraza kama yanavyosomwa matumizi mengine. Mnywa Sele angekuwa na tarehe ya kuonyesha, pengine angekuwa na hoja ya kujitetea.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, na wengi wetu hatujawahi kukaa kwenye hata kimoja. Likizo ijayo ukiwa kwenu, iwe Tabora, Kigoma au Songea, ingia usikilize. Akisimama mtu kupendekeza msamaha wa kodi wa kufufua mtaa, ukitoka nje mfuate diwani wako umuulize: Mheshimiwa, kodi hiyo ni yetu? Mwenye fremu ataziba ufa gani? Na zile asilimia nne za vijana zitapungua kwa shilingi ngapi?